Lami ya mtaa wako Arusha inaamuliwa wapi

Mkazi wa Muriet anayekwenda Sakina asubuhi huanza safari yake kwenye barabara ya vumbi ya mtaani, iliyo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na huimalizia kwenye barabara ya njia nne inayotoka Sakina hadi Tengeru, ambayo ni ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Katikati ya safari hiyo kifodi chake, yaani daladala ndogo, kitapita kando ya mitaro ambayo kuondoa taka zake ni kazi ya Halmashauri ya Jiji, na pengine kitayumba kukwepa handaki lililochimbwa na mamlaka ya maji kulaza bomba. Akifika kazini viatu vimejaa vumbi, lawama zote humwangukia mtu mmoja, naye ni diwani wake.

Lawama hizo si za bure, ila mara nyingi hufika mahali pasipo pake na kwa wakati usiofaa. Tangu mwaka 2017 diwani wa Arusha hana greda, hana mhandisi wa barabara anayewajibika moja kwa moja kwa Baraza lake, wala hana fungu kubwa la kujengea. Hata hivyo bado ameshika mambo ambayo yasipotimia hakuna mkandarasi atakayefika mtaani: orodha ya vipaumbele vya kata, ramani ya mipangomiji, usafi wa mitaro na haki ya kumhoji meneja wa TARURA mbele ya watu. Makala haya yanafuata uamuzi wa barabara moja tangu unapotamkwa kwenye mkutano wa mtaa hadi mkandarasi anapoondoa mitambo yake, na njiani yanagusia shughuli nyingine za Jiji zinazoamuliwa na watu wale wale.

Wanaoketi kwenye Baraza

Serikali za mitaa zimewekwa na Ibara ya 145 na 146 ya Katiba ya mwaka 1977, na halmashauri za miji, Arusha ikiwemo, zinaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Baraza la Madiwani lina diwani mmoja wa kuchaguliwa kutoka kila kata, na Jiji la Arusha lina kata 25. Lina madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao hesabu yao hupigwa kwa kigezo cha theluthi. Na wabunge nao huingia kama wajumbe. Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na Naibu Meya huchaguliwa upya kila mwaka. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ni katibu wa Baraza na afisa masuuli wa fedha zote za Halmashauri, huteuliwa na Rais.

Sentensi hiyo ya mwisho inaeleza mengi kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana. Anayeongoza kikao akiwa amevaa joho na mkufu hana mamlaka ya kumwajiri wala kumfukuza anayeidhinisha malipo. Baraza linaweza kuagiza, kukataa taarifa na hata kumwondoa Meya wake kwa kura ya kutokuwa na imani naye, lakini haliwezi kumwondoa Mkurugenzi. Linaweza tu kupeleka malalamiko ngazi za juu. Ndiyo maana katika halmashauri yoyote, siku Meya na Mkurugenzi wanapokuwa hawasikilizani, miradi hulala hata kama fedha zipo benki.

Wakazi wa siku nyingi wa Arusha hawahitaji kukumbushwa kwamba nani anaingia katika ukumbi huo na nani anapiga kura ni jambo zito. Uchaguzi wa Meya wa Desemba 2010 uligubikwa na ubishi, ukiwemo ule wa iwapo mbunge wa viti maalumu aliyetokea mkoa mwingine alistahili kupiga kura hapa, na maandamano yaliyofuata tarehe 5 Januari 2011 yaliishia kwa vifo. Kanuni za uanachama wa Baraza, zinazosomeka kama maneno makavu ya sheria, ndizo zilizokuwa kiini cha mgogoro ule.

Nani mwenye barabara

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za nchi katika makundi mawili makubwa. Barabara kuu na barabara za mkoa ni za kitaifa na zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, ambazo kitaalamu hugawanywa tena katika barabara za mkusanyo, za mlisho na za jamii, zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi Serikali ilipoanzisha TARURA mwezi Mei 2017 na kuizindua rasmi Julai mwaka huo. Wahandisi, mitambo na mafungu ya barabara vikahama kutoka halmashauri kwenda kwa wakala huo, ulio chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba utaalamu na fedha vilitawanyika mno katika halmashauri zaidi ya 180, na kwamba wakala mmoja ungesimamia mikataba kwa kiwango kinachofanana.

Hoja hiyo ina uzito. Kilichopotea ni ukaribu. Zamani kalvati likizolewa na maji usiku, diwani alikuwa akigonga mlango wa Mhandisi wa Jiji asubuhi, na mhandisi alijua kwamba bajeti ya idara yake itapita mbele ya diwani huyo huyo. Leo diwani anaandika barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ambaye mkubwa wake wa kazi yuko mkoani na mkubwa wa huyo yuko Dodoma. Meneja huhudhuria vikao na kutoa taarifa, na wengi wao hushirikiana vizuri na madiwani, lakini heshima ya mwalikwa na utii wa mtumishi ni vitu viwili tofauti.

Kuhusu fedha, chanzo kikuu cha matengenezo ni Mfuko wa Barabara, unaotunishwa hasa na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 70 kwenda TANROADS na asilimia 30 kwenda TARURA. Ukiangalia urefu wa barabara, mizani hiyo inashangaza: TANROADS ina takriban kilomita 36,000, wakati mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000. Utetezi ni kwamba barabara kuu hubeba malori mazito na hujengwa kwa gharama kubwa zaidi kwa kila kilomita, na ni utetezi wa kweli, lakini haumpunguzii vumbi mkazi wa Sombetini. Mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, na nyongeza hiyo ndiyo iliyoupa wakala huo nafasi ya kupumua.

Kwa anayetaka kujua mradi ulio mbele ya nyumba yake ni wa nani, jibu liko kwenye bango la mradi, ambalo mkandarasi hulisimika mwanzoni mwa kazi. Watu wengi husoma mstari wa gharama, wakaguna, wakaondoka. Mstari wenye manufaa zaidi ni ule ulioandikwa "Mwajiri". Ukisoma TANROADS, malalamiko kuhusu tuta au kivuko cha waenda kwa miguu hayatatatuliwa na diwani peke yake. Ukisoma TARURA, mlango wa kwanza ni ofisi ya meneja wa wilaya. Ukisoma Halmashauri ya Jiji, basi yaelekea unatazama soko, stendi, shule au kituo cha afya, na hapo diwani wako ana sauti kamili. Chini yake kuna "Mhandisi Mshauri", ambaye ndiye hupima kazi kabla ya malipo, na tarehe ya kuanza na kumaliza, ambazo huwa na tabia ya kufutika kwa jua kabla kazi haijaisha.

Safari ya ombi

Tuchukue barabara ya kubuni yenye urefu wa mita 800 katika kata ya pembezoni, inayotoka kwenye lami hadi shule ya msingi. Ombi lake kwa utaratibu huanzia kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, chini ya Mwenyekiti wa Mtaa, huku Mtendaji wa Mtaa akiandika muhtasari. Serikali ina mbinu yake ya kuibua miradi kutoka chini, inayoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo kwa maelezo mafupi inawataka wakazi waseme wana nini, wanakwama wapi na wataanza na kipi. Ukweli ni kwamba mikutano hii huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wazee na wajumbe, na barabara inayopelekwa mbele ni ile iliyosemewa na waliokuwepo.

Kutoka mtaani ombi huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wenyeji huiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata hiyo ni wajumbe. Hapa ndipo barabara nyingi hufa. Kata yenye mitaa sita italeta barabara sita, au kumi na mbili, na mpango wa mwaka unaweza kubeba moja au mbili. Diwani asiyetaka kugombana na mwenyekiti yeyote ataziandika zote kwa mpangilio usio na kipaumbele, na orodha isiyo na kipaumbele ikifika kwa mhandisi humwachia yeye achague. Diwani aliyewahi kupitisha ombi atakwambia kwamba kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi wenyeviti watano wakubali kwamba mwaka huu ni zamu ya mtaa wa sita, na kuandika hivyo kwenye muhtasari ili mwaka ujao asipatikane wa kukana.

Mhandisi akiipokea orodha ana maswali yake. Je, barabara hiyo imesajiliwa kwenye mfumo wa takwimu za barabara za wilaya unaotumiwa na TARURA? Barabara isiyokuwa kwenye mfumo haitengewi fedha za matengenezo, hata kama magari yanapita juu yake kila siku. Je, ina upana wa kutosha, au nyumba zimeubana? Inaunganisha nini na nini? Maji yatakayokusanywa na mitaro yake yatamwagwa wapi? Swali la udongo nalo lina gharama zake: penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, italazimu kuchimba na kuondoa tabaka zima kabla ya kujaza moramu na kushindilia, na bei ya mita moja hupanda hata kabla lami haijatajwa. Baada ya hapo huja uchaguzi wa kuchonga na kuweka changarawe, lami nyepesi, lami nzito, au matofali ya kupanga. Changarawe ni rahisi na hupendeza siku ya kukabidhiwa, kisha masika mbili huirudisha ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, mji wenye mteremko kama Arusha hupoteza fedha nyingi kwa kurudia changarawe kwenye barabara zile zile, lakini bajeti ya mwaka mmoja mmoja haitoi nafasi ya kufikiri vinginevyo.

Kalenda nayo haimsubiri mtu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mwongozo wa bajeti hutoka Wizara ya Fedha kabla ya mwaka wa kalenda kwisha, mapendekezo hukusanywa, timu ya menejimenti ya Halmashauri huyachambua, kamati za kudumu huyapitia, Baraza huyapitisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka, Kamati ya Ushauri ya Mkoa huyajadili, kisha yanakwenda TAMISEMI na hatimaye bungeni Dodoma kati ya Aprili na Juni. Mpango wa TARURA hupita njia yake yenyewe, sambamba na hiyo, na Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, hukaa kuutazama pamoja na ule wa TANROADS. Mkazi anayesimama kwenye mkutano wa hadhara mwezi Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, na kudai barabara yake iingizwe mwaka ujao wa fedha, anadai kitu ambacho dirisha lake limeshafungwa. Angesema Oktoba, vumbi likiwa jingi na hasira zikiwa zimepoa, angesikilizwa kwa faida zaidi.

Ndani ya kikao

Mkutano wa kawaida wa Baraza hufanyika kila robo mwaka na aghalabu huchukua siku mbili. Siku ya kwanza hupokelewa taarifa za kata, ambapo kila diwani husimama kueleza hali ya kata yake. Siku ya pili hupokelewa taarifa za kamati za kudumu, zikiwemo ile ya Fedha na Uongozi, ambayo yenyewe hukutana kila mwezi, ile ya Mipangomiji na Mazingira, ile inayoshughulikia uchumi, afya na elimu, na ile ya kudhibiti UKIMWI. Mikutano hii iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa Baraza linapojigeuza kuwa kamati ili kujadili jambo kama nidhamu ya watumishi, na hapo wageni huombwa watoke.

Anayehudhuria kwa mara ya kwanza huvutiwa na maswali ya papo kwa papo, kwa kuwa ndipo sauti hupanda. Sehemu yenye nguvu zaidi ni ile inayochosha, iitwayo yatokanayo. Baada ya muhtasari wa kikao kilichopita kuthibitishwa, wataalamu hutakiwa kueleza kila agizo limefikia wapi. Agizo la kuzibua mtaro wa kata fulani likiwa limeandikwa kwenye muhtasari, litarudi robo hii, na robo ijayo, hadi litekelezwe au liondolewe. Diwani mwenye maneno makali ambayo hayakuingia kwenye muhtasari amewaburudisha waandishi tu. Diwani mtulivu aliyesisitiza agizo lake liandikwe, likiwa na jina la idara na tarehe ya utekelezaji, amewatega wataalamu kwa mwaka mzima. Mkazi anayetaka kumpima diwani wake aombe muhtasari, asitegemee vipande vya video.

Kwenye meza hiyo hiyo hupita mambo ambayo hayana uhusiano wa wazi na barabara. Hupita maombi ya kubadilisha matumizi ya viwanja kutoka makazi kwenda biashara, upangishaji wa vizimba katika masoko kama Kilombero na Soko Kuu, mikataba ya wazoaji taka, maeneo ya machinga, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kisheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hupita pia rasimu za sheria ndogo, ambazo Baraza likizipitisha hazijawa sheria bado, kwa kuwa ni lazima ziidhinishwe na Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mara moja kwa mwaka hukaa kikao maalumu cha kupitia hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hicho ndicho kikao ambacho wataalamu huja wakiwa na mafaili mengi na tabasamu chache.

Mapato ya kuendeshea haya yote yamebadilika sana. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulitozwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara, na leseni, ushuru wa masoko na stendi ndivyo nguzo. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kwanza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha Sh1,500 kuanzia mwaka 2023. Mwenye nyumba anaposema kwamba analipa kodi kila mwezi na Jiji halimtengenezei barabara, anasema kweli kuhusu malipo yake, ila fedha hizo haziingii moja kwa moja kwenye mfuko wa Jiji.

Maji yanayotoka mlimani

Katika miji ya tambarare barabara inaweza kujadiliwa kama njia ya magari tu. Arusha imekaa chini ya Mlima Meru, na kila tone linaloanguka kwenye miteremko iliyo kaskazini mwa mji hutafuta njia ya kushuka kupitia mito Themi, Naura na Ngarenaro, makorongo madogo madogo, na yanapokosa pa kupita, barabara zenyewe. Mji unapopanda juu na kuezekwa mabati, na viwanja kusakafiwa kwa zege, maji yanayozama ardhini hupungua na yanayoteremka huongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 416,442 katika Jiji. Ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 617,631. Nyumba za watu hao laki mbili walioongezeka zimejengwa mahali fulani, na sehemu ya mahali hapo ilikuwa njia ya maji.

Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini humo na watoto wakapoteza maisha. Baada ya tukio kama hilo mjadala huwa mkali kwa wiki kadhaa, kisha hurejea kwenye lami. Lakini mtaro na kalvati ndivyo vinavyoamua kama lami itadumu na kama mtoto atavuka salama, na ni hapo hapo ambapo mgawanyo wa mwaka 2017 unapwaya zaidi. TARURA hujenga kalvati na mtaro wa barabara yake. Taka zinazoziba kalvati hilo ni jukumu la Halmashauri, inayozizoa na kuzipeleka kwenye dampo la Muriet. Kibali cha ujenzi wa ukuta ulioziba korongo juu yake kilitakiwa kudhibitiwa na idara ya mipangomiji ya Halmashauri hiyo hiyo. Maji yakipanda, kila upande una barua ya kuonyesha kwamba ulimwandikia mwenzake, na mkazi hupigwa danadana.

Kwa sababu hiyo Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Haitandiki lami hata mita moja, lakini ndiyo inayoweza kukataa kiwanja kisikatwe kwenye mkondo wa maji, kuagiza ukuta uvunjwe, na kubana mkataba wa mzoaji taka ambaye haingii kwenye mitaa isiyopitika. Ukiniuliza diwani wa kata yenye mteremko aombe kukaa kwenye kamati ipi, sitataja ya fedha.

Ardhi ya kupitisha barabara

Barabara haiwezi kupita hewani. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Alama ya X nyekundu ukutani humaanisha jengo limeingia kwenye hifadhi ya zamani na mwenyewe hatarajiwi kulipwa. X ya kijani humaanisha jengo limekutwa na upanuzi, na mwenyewe anastahili fidia kabla ya kuondolewa. Barabara za mtaani hazifuati vipimo hivyo. Upana wake hutokana na mchoro wa mipangomiji, na mahali ambapo watu walijenga kabla ya mchoro, kama ilivyo sehemu kubwa za Unga Limited, Daraja Mbili na Ngarenaro, upana ni ule uliobaki kati ya kuta mbili.

Hapo ndipo urasimishaji wa makazi unapoingia. Wakazi huketi na wapimaji, hukubaliana barabara ipite wapi, na kila mmoja huachia kipande cha eneo lake ili apate kiwanja kilichopimwa na hati. Ni mazungumzo yenye machungu, kwa kuwa choo cha mmoja kitaanguka na cha jirani kitabaki. Mtaa uliomaliza mazungumzo hayo humrahisishia mhandisi kazi kubwa, kwa sababu mradi hautasubiri tathmini ya fidia wala kesi. Mtaa ambao wakazi wake bado wanabishania nusu mita hurukwa, na fedha huenda kwa jirani aliye tayari, bila mtu yeyote kutangaza kwamba sababu ni hiyo.

Miradi ya mikopo

Barabara zenye taa, njia za waenda kwa miguu na mitaro ya zege ambazo zimebadilisha sura ya baadhi ya maeneo ya Arusha hazikutokana na utaratibu wa kawaida wa kata. Zilitokana kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia chini ya mradi wa miji ya kimkakati, TSCP, ulioanza mwaka 2010 na kuihusisha Arusha pamoja na miji kama Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga, Mtwara na Kigoma. Uliofuata ni TACTIC, unaohusu miji 45, ambapo Arusha imo katika kundi la kwanza.

Miradi hii huchagua barabara chache na kuzijenga vizuri, na mkopaji ni Serikali Kuu. Orodha hukubaliwa miaka kadhaa kabla ya greda kuonekana, usanifu hufanywa, athari za mazingira na za kijamii hutathminiwa, na baada ya mkataba kusainiwa diwani mpya hawezi kuja na barabara yake na kuomba ibadilishwe na ile ya mwenzake. Tofauti anayoiona mkazi kati ya barabara ya mkopo na ya jirani isiyo na hata changarawe hutafsiriwa haraka kuwa ni upendeleo. Wakati mwingine ni hivyo. Mara nyingi zaidi ni kwamba mtu fulani, muongo mmoja uliopita, alikuwa na mchoro tayari siku ambayo orodha iliombwa.

Mkandarasi kazini, na baada yake

Zabuni za umma sasa hutangazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mkandarasi akipatikana na kukabidhiwa eneo, hulipwa kwa hati za malipo kadiri kazi inavyopimwa. Malipo yakichelewa, mitambo huondoka kimya kimya, na barabara hubaki imechimbwa, hali mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kiongozi wa kitaifa akitangaza ziara, mashimo hufukiwa kwa kifusi usiku, funika kombe mwanaharamu apite, na kifusi hicho hakimo kwenye hati yoyote ya malipo wala kwenye muhtasari wa WDC.

Kazi ikikamilika barabara haikabidhiwi moja kwa moja. Huanza kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa na yeye hulazimika kurekebisha kasoro zinazojitokeza kwa gharama zake. Mtaro uliotitia, lami iliyoachia pembeni, kalvati lililopasuka, vyote vikiripotiwa kwa maandishi ndani ya kipindi hicho ni deni la mkandarasi; vikiripotiwa baada yake ni deni la Mfuko wa Barabara, na vinapanga foleni na maombi mengine yote ya kata 25. Bahati mbaya kwa wengi, mwaka huo mmoja hupita barabara ikiwa bado inang'aa na hakuna anayeinama kuitazama. Mwenyekiti wa Mtaa anayefanya kazi yake hupita na Mtendaji mara baada ya masika ya kwanza, huorodhesha nyufa na mahali maji yaliposimama, na kupeleka barua kwa meneja wa TARURA huku nakala ikienda kwa diwani, ili kikao cha robo inayofuata kiikute kwenye yatokanayo.